Kituo cha Majitaka Kinapotaka Kupanuliwa Mtaani: Namna ya Kupinga kwa Hoja na kwa Maandishi

Mara nyingi habari huanza kwa watu wawili au watatu waliovaa fulana za kung'aa, wakipima uwanja ulio nyuma ya kituo cha kusukuma majitaka, na wakiulizwa wanafanya nini hujibu kwamba wametumwa tu. Baada ya wiki kadhaa karatasi hubandikwa langoni, chifu huitisha baraza, na mtaa mzima huenda kusema neno moja: hatutaki. Katika ripoti neno hilo huandikwa kwa mstari mmoja, kwamba baadhi ya wakazi walionyesha wasiwasi, na mradi huendelea. Mwongozo huu umeandikiwa wakazi wa Mombasa ili pingamizi lao lisiishie katika mstari huo. Lakini kwa kuwa sheria zinazotajwa ni za Kenya nzima, mkazi wa Kisumu au Nakuru naye anaweza kuzitumia.

Amueni kwanza mnapinga nini

Kuna jambo lisilopendeza kusemwa mbele ya mkutano wenye hasira, ila ni bora lisemwe mapema, na lisemwe na wenyeji wenyewe. Sehemu kubwa ya Mombasa haina mabomba ya majitaka. Yaliyopo yako hasa upande wa Changamwe na katika sehemu ya kisiwa, na nyumba nyingine hutegemea vyoo vya shimo na matangi ya septiki yaliyochimbwa katika mwamba wa matumbawe. Mwamba huo una matundu mengi, na kinachotoka chooni huchuja polepole hadi kisimani na baharini. Anayepinga kila kituo, mahali popote na kwa ukubwa wowote, anatetea hali hiyo iendelee bila kujua, na mhandisi atakayekuja mkutanoni atalisema hilo kabla hajamaliza kujitambulisha.

Kwa sababu hiyo, kamati ya wakazi ikae kabla ya mkutano wowote wa hadhara na ijibu swali moja: je, tunapinga mahali, tunapinga ukubwa, au tunapinga namna kituo kinavyoendeshwa? Anayepinga mahali anapaswa kueleza kwa nini uwanja ule haufai, labda kwa kuwa uko mita chache kutoka shule au kisima cha msikiti, na awe tayari kuuliza ni viwanja gani vingine vilivyochunguzwa. Anayepinga ukubwa anahitaji hesabu za maji yatakayoingia. Anayepinga uendeshaji anahitaji kumbukumbu za miaka iliyopita: siku kituo kilipofurika, usiku jenereta lilipokataa kuwaka, wiki ambazo watoto walilala madirisha yamefungwa kwa ajili ya harufu. Hoja hizi tatu zinaweza kwenda pamoja, lakini zisichanganywe katika sentensi moja, kwa kuwa msomaji wa ripoti atajibu ile iliyo dhaifu na kuziacha zenye nguvu.

Kwa maoni yangu hoja ya uendeshaji ndiyo yenye nguvu kuliko zote katika suala la upanuzi, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Kituo kipya hukisiwa tu, lakini kituo kinachopanuliwa kina historia. Kama kidogo kilichopo kimeshindwa kutunzwa, mwenye mradi ana wajibu wa kueleza kwa nini kikubwa kitatunzwa.

Kifahamuni kituo kabla ya kukisema

Majitaka hushuka kwa mteremko wa bomba hadi mahali pa chini kabisa pa eneo, na hapo hukusanywa katika kisima kikubwa cha zege. Kabla ya kuingia kisimani hupita katika wavu wa chuma unaozuia matambara, plastiki na nywele. Ndani ya kisima huwa na pampu zilizozamishwa, kwa kawaida mbili au zaidi, moja ikiwa ya akiba. Majitaka yakifikia kimo fulani, swichi ya boya huwasha pampu, na pampu huyasukuma katika bomba la shinikizo hadi mahali palipoinuka, ambako yanaendelea tena kwa mteremko kuelekea kwenye mtambo wa kusafisha. Kila kituo huwa pia na njia ya dharura ya kumwaga ziada, na njia hiyo, katika mji wa kisiwa, karibu kila mara huelekea kwenye hori au mtaro wa mvua. Ulizeni mdomo wa njia hiyo uko wapi. Ni swali dogo ambalo jibu lake hueleza mengi, na wakazi wengi walioishi kando ya kituo kwa miaka ishirini hawajawahi kuliuliza.

Harufu ya yai viza inayosumbua watu ni ya gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo hutengenezwa na bakteria majitaka yanapokaa muda mrefu bila oksijeni. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini ya mashimo, na huua. Ikizidi kiwango fulani hupoteza uwezo wa pua kuinusa, na mtu hudhani imetoweka. Kwa hiyo asipatikane kijana wa kufungua mfuniko wa shimo ili apige picha ya ushahidi. Gesi hiyo hiyo hugeuzwa na bakteria kuwa asidi ya salfuriki juu ya kuta zenye unyevu, ikala zege na chuma, na ndiyo sababu vifuniko na kuta za vituo vingi huonekana vimeliwa kabla ya umri wake.

Hapa ndipo ukubwa unapoleta tatizo ambalo watu hawalitarajii. Mtu hudhani kwamba kisima kikubwa kitapunguza matatizo, na ni kweli kwamba hupunguza kufurika. Lakini kituo kilichojengwa kwa ajili ya nyumba zitakazounganishwa baada ya miaka kumi na tano, katika miaka yake ya kwanza hupokea maji machache. Maji hayo hukaa kisimani na ndani ya bomba la shinikizo kwa saa nyingi, yakachacha, na harufu ikawa mbaya kuliko ya kituo kidogo cha zamani. Ulizeni basi: mwaka wa kwanza na mwaka wa tano kituo kitapokea kiasi gani kwa siku, majitaka yatakaa muda gani kabla ya kusukumwa, na ni hatua gani zitachukuliwa katika kipindi hicho? Pampu ndogo za kuanzia ni jibu la kweli. Kisima kilichogawanywa sehemu mbili, moja ikitumika sasa na nyingine baadaye, nacho ni jibu la kweli. Dawa ya kunyunyizia manukato si jibu.

Swali la pili la kiufundi ni la stima. Kituo hufurika zaidi pale umeme unapopotea, na hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kuifanya. Chukueni mfano wa kituo kinachopokea lita 40 kwa sekunde wakati wa asubuhi, watu wanapooga. Hizo ni mita za ujazo 144 kwa saa. Kama nafasi tupu iliyobaki kisimani, kutoka kimo cha kawaida hadi kwenye njia ya kumwagia, ni mita za ujazo 72, basi kuna nusu saa kabla ya majitaka kuanza kutoka. Ndani ya nusu saa hiyo jenereta liwe limewaka. Je, linajiwasha lenyewe au linasubiri mlinzi? Mafuta huwekwa ya saa ngapi, na nani hununua? Huhitaji kuwa mhandisi kuuliza hayo, na anayeshindwa kuyajibu hajajiandaa kupanua kitu.

Pwani ina mambo yake ambayo ripoti zilizoandikwa na watu wa mbali huweza kuyaruka. Pepo za kusi na za kaskazi hazivumi kutoka upande mmoja, na harufu iliyopimwa mwezi wa Januari haiwaelezi watu wa upande wa pili watakachopata mwezi wa Juni. Ulizeni vipimo vilichukuliwa msimu gani. Mabomba yaliyolala chini karibu na bahari, yakiwa na nyufa, hupokea maji ya chumvi wakati wa bamvua, na pampu hufanya kazi ya kusukuma bahari. Nyakati za masika maji ya mvua huingia katika mabomba ya majitaka kupitia mifuniko iliyovunjika na miunganisho isiyo halali, hata mtiririko ukawa mara kadhaa ya ule wa kiangazi. Wavuvi na akina mama wanaofua karibu na hori wanajua siku ambazo maji hubadilika rangi kuliko mshauri yeyote wa mazingira. Waandikeni waliyoyaona, kwa tarehe.

Fungueni daftari leo

Kabla ya barua, kabla ya wakili, nunueni daftari gumu la kurasa nyingi. Kila tukio liandikwe: tarehe, saa lilipoanza na lilipokwisha, upepo ulikuwa wa wapi, mvua ilinyesha au la, stima ilikuwapo au la, nani aliona, na ofisi gani ilipigiwa simu. Aliyeandika aweke sahihi. Picha zipigwe kutoka barabarani, na zihifadhiwe kwenye simu zaidi ya moja. Kwa kelele za jenereta na pampu, Kanuni za Kelele na Mitetemo za mwaka 2009 zimeweka kiwango cha nje katika maeneo ya makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku. Programu ya simu haitoshi kuwa ushahidi wa mwisho, lakini inatosha kuonyesha kwamba kipimo rasmi kinahitajika. Daftari la miezi mitatu lenye mistari mikavu huwa na uzito kuliko sahihi elfu moja zilizokusanywa Ijumaa moja baada ya swala.

Ombeni karatasi, na muombe kwa Kiswahili

Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema wazi kwamba ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, ingawa gharama ya kutoa nakala inaweza kutozwa. Kwa kuwa haki hii imepewa raia, barua isainiwe na mtu mmoja au zaidi kwa majina yao kamili, hata kama inatoka kwa chama cha wakazi. Inaweza kuandikwa hivi:

"Kwa Ofisa Mkuu Mtendaji. KUH: Ombi la habari kuhusu upanuzi wa kituo cha kusukuma majitaka. Sisi tuliotia sahihi hapa chini, raia na wakazi wa mtaa huu, kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, tunaomba nakala za hati zifuatazo: leseni ya mazingira ya kituo kilichopo pamoja na masharti yake, ripoti za ukaguzi wa mazingira za kila mwaka kwa miaka mitano iliyopita, kumbukumbu za siku kituo kilipofurika na za kuharibika kwa pampu katika kipindi hicho, ripoti ya tathmini ya athari za upanuzi unaokusudiwa, na hati ya umiliki wa kiwanja au idhini ya matumizi yake. Tafadhali tujulishe pia mradi umewekwa katika kundi gani la hatari. Tunatarajia jibu katika siku 21 kama sheria inavyoelekeza."

Pelekeni nakala mbili kwa mkono, na ile ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo siku 21 hazina mwanzo. Mkikataliwa au mkinyamaziwa, mnaweza kuomba mapitio kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile ofisi ambayo watu huiita Ombudsman, na ombi hilo lipelekwe ndani ya siku 30.

Swali la kundi la hatari linastahili maelezo, kwa sababu ndilo mlango ambao miradi mingi hupitia bila kuonekana. Tangu mwaka 2019, jedwali la pili la Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 limegawa miradi kuwa ya hatari ndogo, ya wastani na kubwa. Tangazo la gazetini na muda wa umma kutoa maoni vimewekwa kwa ajili ya ripoti kamili ya tathmini, ile ambayo miradi ya hatari kubwa haiwezi kuikwepa; iliyo chini yake huweza kuanza na ripoti fupi. Kwa hiyo angalieni lugha inayotumika. Kazi ya kuongeza kisima cha pili, pampu nne na bomba jipya la kipenyo maradufu ikiitwa ukarabati, si bahati mbaya ya msamiati. Ukarabati hurudisha kitu kilivyokuwa. Kinachoongeza uwezo ni upanuzi, na kama karatasi zinasema vingine, hiyo ndiyo hoja yenu ya kwanza kwa ofisi ya kaunti ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA.

Mkutano wa hadhara

Kwa mradi unaohitaji tathmini kamili, Kanuni za Tathmini na Ukaguzi wa Mazingira za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike mabango mahali pa wazi, atangaze gazetini na redioni, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika, taarifa ikitolewa angalau wiki moja kabla na mahali na saa zikiwa zinazowafaa. Kanuni hubadilishwa mara kwa mara, basi ulizeni NEMA kama kuna toleo jipya kabla ya kunukuu nambari ya kanuni. Jambo la msingi halibadiliki: ushiriki wa wananchi umo katika Ibara ya 10 na ya 69 za Katiba, na mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi, uliotangazwa jana yake kwa kipaza sauti, haufanani na ushiriki.

Hudhurieni hata kama mmekasirika. Kususia mkutano hufurahisha nafsi, lakini ripoti itasema kwamba wakazi walialikwa na hawakuja. Mchagueni msemaji mmoja kwa kila hoja, mzee wa mtaa afungue kwa heshima zake, kisha atakayezungumzia harufu azungumzie harufu na atakayezungumzia ardhi azungumzie ardhi. Akina mama wanaochota maji na kukaa nyumbani mchana kutwa wapewe nafasi mapema, kabla ya wanaume hawajamaliza muda kwa siasa za wadi. Mteueni pia katibu wa kwenu wa kuandika kila swali na kila jibu, pamoja na jina na cheo cha aliyejibu. Mkutano ukirekodiwa kwa simu, semeni wazi kwamba unarekodiwa.

Orodha ya mahudhurio ina hatari yake. Karatasi hiyo huambatanishwa na ripoti kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa, na msomaji wa Nairobi hawezi kujua kwamba nusu ya waliotia sahihi walikuja kupinga. Kabla ya mtu wa kwanza hajasaini, ombeni iandikwe juu ya kila ukurasa kwa kalamu: "Sahihi hizi ni za mahudhurio tu, si za kukubali mradi." Wakikataa, kila mtu aandike "napinga" kando ya jina lake. Pigeni picha kurasa zote. Na nauli au soda zikigawiwa, zigawiwe baada ya watu kumaliza kusema. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Kuliandika pingamizi lenyewe

Ripoti ikishawasilishwa na kutangazwa, tangazo lenyewe hutaja mahali inapoweza kusomwa na siku ya mwisho ya kupokea maoni. Siku hiyo iandikwe ukutani kwa wino mwekundu. Gawaneni kusoma: ripoti ya kurasa mia tatu ikigawiwa watu sita huisha kwa jioni mbili. Anayesoma aanze na sura ya njia mbadala, halafu sura ya athari na namna ya kuzipunguza, halafu viambatisho, kwa kuwa humo ndimo kumbukumbu za mikutano na vipimo halisi vinapofichama. Angalieni pia kama ripoti imenakiliwa kutoka mradi wa mahali pengine. Mto usiokuwapo Mombasa ukitajwa katika sura ya nne, hiyo ni hoja yenu.

Pingamizi dhaifu husema: "Kituo kitaleta magonjwa na kushusha thamani ya nyumba zetu." Huenda ni kweli, lakini hakuna anayelazimika kulijibu. Pingamizi lenye nguvu husema: "Ukurasa fulani wa ripoti unasema kwamba harufu itakuwa ndogo. Daftari letu linaonyesha matukio 14 ya harufu kati ya Machi na Mei, tisa kati yake yakiwa siku ambazo stima ilipotea. Ripoti haitaji jenereta la kituo kilichopo wala hali yake. Tunaomba NEMA imtake mwenye mradi afanye tathmini ya harufu katika misimu yote miwili ya upepo kabla ya uamuzi." Maelezo hayo yana ukurasa, yana hesabu, yana pengo lililoonyeshwa na yana ombi. Andikeni hivyo kwa kila hoja, na malizieni kwa kuomba kikao cha hadhara cha kusikiliza maoni, ambacho NEMA ina uwezo wa kukiitisha.

Suala la ardhi liende kwa njia yake. Upanuzi ukihitaji kiwanja cha mtu, utwaaji wa lazima hupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi na fidia ya haki hulipwa kwa mujibu wa Ibara ya 40. Ukihitaji kubadilisha matumizi ya ardhi, kibali hutoka kwa serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na kuna kamati ya kaunti ya kusikiliza malalamiko kuhusu mipango hiyo. Mwakilishi wadi anaweza kuwasilisha malalamiko yenu katika bunge la kaunti, na nyinyi wenyewe mna haki ya kupeleka hati ya malalamiko huko bila kumpitia. Mtumieni mwakilishi, lakini daftari lisikae kwake.

Kama fedha za mradi zinatoka kwa mkopo wa nje, jambo la kawaida katika miradi ya maji na majitaka ya Pwani, ulizeni mkopeshaji ni nani. Benki ya Dunia ina Jopo la Ukaguzi lililoanzishwa mwaka 1993, linalopokea malalamiko kutoka kwa watu wawili au zaidi walioathirika, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ina utaratibu wake wa kujitegemea. Kutaja tu katika barua kwamba mnaujua utaratibu huo huharakisha majibu kwa namna ya kushangaza.

Ombeni masharti, hata mkiwa bado mnapinga

Wengi huona kwamba kupendekeza masharti ni kusalimu amri. Mimi naona tofauti. Pingamizi liseme mwanzoni kwamba wakazi wanaukataa mradi kama ulivyo, kisha liseme kwamba iwapo, licha ya hayo, leseni itatolewa, basi masharti haya yawemo. NEMA hutoa leseni yenye masharti, na sharti lililomo katika leseni linaweza kusimamiwa kisheria, ilhali ahadi ya mdomo ya mhandisi mwenye tabasamu huondoka pamoja na gari lake. Yapo masharti yanayostahili kupiganiwa: jenereta linalojiwasha na akiba ya mafuta ya saa zilizotajwa kwa nambari, kisima kilichofunikwa chote, na hewa yake ipitishwe katika kichujio kabla ya kutoka, kiwe cha mkaa maalumu au cha vipande vya mbao na makumbi ya nazi ambamo bakteria huila gesi hiyo, takataka za wavuni ziondolewe katika vyombo vilivyofungwa kila siku, malori ya eksosta, yale yanayofyonza majitaka ya matangi na vyoo, yasimwage hapo kabisa, au yamwage kwa saa zilizowekwa, na kufurika kokote kutangazwe kwa wakazi na kuandikwa katika kitabu kinachoweza kusomwa na umma. Kila sharti liwe na kipimo. "Harufu idhibitiwe" ni matumaini tu.

Leseni ikitolewa, hesabuni siku 60

Anayeona ameonewa na uamuzi wa NEMA wa kutoa leseni anaweza kukata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira, ambalo wengi hulijua kwa kifupi NET, ndani ya siku 60 tangu uamuzi. Mnaweza kufika wenyewe bila wakili, ingawa wakili anayelijua jopo hilo huokoa muda. Zamani kukata rufaa kulisimamisha kazi papo hapo. Sheria ikabadilishwa, basi msitegemee hilo. Pamoja na rufaa, wekeni ombi la kusitisha ujenzi hadi uamuzi utolewe, na mliweke siku hiyo hiyo.

Uamuzi unaofaa kusomwa na kila kamati ni wa tarehe 26 Juni 2019, ambapo jopo hilo lilifuta leseni iliyotolewa mwaka 2016 kwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, katika rufaa ya kikundi cha Save Lamu na wenzake. Mojawapo ya sababu kuu ilikuwa ushiriki wa wananchi: mikutano iliyotegemewa ilikuwa ya utangulizi, iliyofanyika kabla ya tathmini kukamilika, kwa hiyo watu hawakuwa wamepewa nafasi ya kuzungumzia matokeo yake. Ndiyo maana tarehe ya kila mkutano na yaliyowekwa mezani yaandikwe. Mkutano uliofanyika kabla ya ripoti kuwapo hauwezi kuhesabiwa kuwa mkutano juu ya ripoti.

Siku 60 zikipita, au kama tatizo ni madhara yanayoendelea, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Chini ya Ibara ya 42 na ya 70 za Katiba, mwombaji halazimiki kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara au jeraha. Njia hii ni ndefu, na wakazi wa Owino Uhuru hapa Mombasa wanaijua kuliko yeyote: kesi yao ya sumu ya madini ya risasi, ya mwaka 2016, ilipata hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, ikapinduliwa kwa sehemu katika Mahakama ya Rufaa, na ikarejeshwa na Mahakama ya Juu mwezi Desemba 2024. Fikirieni urefu huo kabla ya kuchangisha pesa, na mchague hoja chache zinazoweza kubebwa miaka minane.

Kituo kikishapanuliwa, kazi ya kamati hubadilika lakini daftari hubaki lile lile. Ripoti za ukaguzi za kila mwaka ziombwe kila mwaka, kwa barua ile ile yenye tarehe mpya. Uendeshaji ukibadilika kuliko ulivyoelezwa katika tathmini, NEMA ina uwezo wa kudai tathmini mpya, na leseni inaweza kusimamishwa au kufutwa. Wajumbe huhama, wengine hufariki, wapangaji hubadilika. Basi nakala moja ya leseni na masharti yake iwekwe msikitini au kanisani, nyingine dukani pa mtu anayefungua kila siku, na daftari likijaa, la pili lianzishwe kabla la kwanza halijafungwa.